Sentensi za "if" kwa Kiingereza: mwongozo kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Kila ninapofungua darasa jipya la jioni hapa Nsambya, Kampala, maswali ni yale yale. "Mwalimu, baada ya if tunaweka will au hatuweki?" "Would inakaa wapi?" "Kwa nini wanasema if I were, na I tumefundishwa inakwenda na was?" Nimeyajibu ubaoni mara nyingi sana. Leo nayaandika mahali pamoja, ili hata asiyeweza kufika darasani apate pa kuanzia.

Nianze na fundi wa simu aliyekuwa mwanafunzi wangu. Kodi ya chumba ilikuwa imechelewa, akamwandikia mwenye nyumba ujumbe: "If I got money, I would pay you on Saturday." Alichokusudia ni "Nikipata pesa, nitakulipa Jumamosi." Mwenye nyumba, mtu aliyesoma Kiingereza tangu utotoni, aliusoma jinsi ulivyoandikwa: "Ningepata pesa, ningekulipa Jumamosi." Yaani sina, na wala sitarajii kupata. Ijumaa jioni fundi alikuta mlango umetiwa kufuli la pili. Alikuja darasani na simu mkononi, akanionyesha ule ujumbe, akaniuliza, "Mwalimu, nimemtukana wapi?"

Hakumtukana. Aliandika got mahali pa get, na would mahali pa will. Maneno mawili hayo yaligeuza ahadi ikawa udhuru. Ndiyo maana nalichukulia somo hili kwa uzito: sentensi ya masharti humwambia msikilizaji wewe mwenyewe unaliamini jambo kiasi gani, naye huamua kukungoja au kutokungoja. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili katika katiba yetu tangu 2005, lakini mkataba wa nyumba, fomu ya hospitali na barua ya kazi bado utapewa kwa Kiingereza.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari moja na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Rangi zina kazi, usizidharau.
- Orodha ya vitenzi 20 unavyotumia kila siku, kila kimoja katika maumbo matatu: go, went, gone, see, saw, seen, pay, paid, paid, come, came, come. Iandike kwa safu tatu. Safu ya tatu ndiyo watu wengi hawaijui, na bila hiyo hatua ya 6 haitapita.
- Uwe unajua kutofautisha "I pay", "I paid" na "I will pay". Kama hizi bado zinakusumbua, zishughulikie kwanza kwa wiki moja halafu urudi.
- Mtu mmoja wa kumsomea sentensi zako kwa sauti. Jirani, mtoto wa shule, yeyote.

Nusu saa kwa siku inatosha. Usifanye hatua zote siku moja.

Hatua ya 1: Kata sentensi vipande viwili

Kila sentensi ya aina hii ina upande wa sharti na upande wa jibu. "Mvua ikinyesha" ni sharti. "Sitakuja" ni jibu. Andika sentensi kumi za Kiswahili kutoka maisha yako mwenyewe, sharti kwa bluu, jibu kwa nyekundu. Usiguse Kiingereza bado.

Ukiona kipande cha bluu hakisimami peke yake, yaani ukimwambia mtu "Mvua ikinyesha..." ukanyamaza, naye akabaki anakutazama, umekata vizuri.

Hatua ya 2: Tazama kiungo kilicho ndani ya kitenzi

Hapa ndipo Kiswahili kinapokusaidia kuliko kitabu chochote. Kiingereza kina makundi manne ya msingi, na wewe tayari unayatumia manne hayo bila kujua:

- -ki- upande mmoja, na jambo la kawaida upande wa pili: "Mvua ikinyesha, nauli ya boda hupanda."
- -ki- na -ta-: "Mvua ikinyesha, nitachelewa."
- -nge- na -nge-: "Ningekuwa na mwavuli, ningetoka."
- -ngali- na -ngali-: "Ningalibeba mwavuli, nisingalilowa."

Kando ya kila sentensi yako kumi, andika namba ya kundi lake, 1 hadi 4. Vitabu vya Kiingereza huanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo kundi letu la kwanza wao huliita sifuri, na la nne wao huliita la tatu. Ukijua hilo hutapotea ukifungua kitabu cha shule.

Hatua ya 3: Jenga kundi la kwanza

Pande zote mbili ni wakati uliopo, basi.

"If it rains, the boda fare goes up."
"If you travel by road from Kampala to Masaka, you cross the Equator."

Ni mambo yasiyobadilika. Anayepita Kayabwe leo anavuka ikweta, na atakayepita kesho ataivuka. Vitabu vingi hutumia mfano wa maji kuchemka kwenye nyuzi 100, lakini Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mimi napendelea ikweta.

Angalia ile s: "it rains", "the fare goes". Ukizungumzia mtu mmoja au kitu kimoja ambacho si mimi wala wewe, s haikosi.

Hatua ya 4: Jenga kundi la pili, na ukae hapo siku mbili

Sharti: wakati uliopo. Jibu: will na kitenzi kitupu.

"If I get the money, I will pay you on Saturday."

Huo ndio ujumbe ambao fundi alipaswa kuutuma.

Kosa linalojitokeza kuliko yote ni hili: "If I will get the money, I will pay you." Mwanafunzi huona kwamba pesa hazijafika, zitafika baadaye, kwa hiyo anaweka will. Sikiliza Kiswahili chako. Je, unaweza kusema "nikitapata"? Huwezi. -ki- haikubali -ta- ndani yake. Basi if nayo, katika sentensi hizi, haikubali will. Kila mkono wako unapotaka kuandika "if I will", sema kimoyomoyo "nikitapata" na utasikia ubaya wake. Kinachotuponza ni kwamba tunaposema "kama nitapata" Kiswahili kinaruhusu. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri, geuza "kama nitapata" iwe "nikipata".

Jambo la pili, ambalo vitabu vilivyoandikiwa wazungu havitakuambia kwa sababu wao hawana tatizo hilo: -ki- yetu inabeba if na when kwa pamoja. "Akija, mwambie nimekwenda sokoni." Je, una hakika atakuja? Basi ni "When he comes". Huna hakika? "If he comes". Kiswahili hakikulazimishi kuchagua, Kiingereza kinakulazimisha. Mwanafunzi mmoja alimwambia mkubwa wake kazini, "If I finish the work, I will call you." Mkubwa akamuuliza kwa nini ana wasiwasi kwamba hatamaliza. Alitaka tu kusema "nikimaliza".

Jaribio ni jepesi. Tia neno "huenda" mbele ya sharti lako. "Huenda akaja" ina maana? Tumia if. "Huenda jua likazama" haina maana, jua lazima lizame. Tumia when.

Tena, si kila -ki- ni sharti. "Nilimkuta akila" ni "I found him eating". Hapo hakuna if wala when.

Ukikanusha, "asipokuja" ni "if he doesn't come". Unaweza pia kutumia unless, ambayo ndani yake tayari ina kukanusha: "Unless he comes, we will not start." Maana yake: asipokuja, hatutaanza. Usiandike "Unless he doesn't come". Umekanusha mara mbili, na sasa unasema mtaanza asipokuja.

Na hili la mwisho kwa kundi hili: "nitaweza" si "I will can". Will na can hawakai chumba kimoja. Sema "I can" au "I will be able to".

Hatua ya 5: Jenga kundi la tatu

Sharti: wakati uliopita. Jibu: would na kitenzi kitupu.

"If I had a car, I would take you to Jinja."

Hapa Kiswahili, kilichokusaidia mpaka sasa, kitakutega. Sisi tunaweka -nge- pande zote mbili: *ninge*kuwa na gari, *ninge*kupeleka. Sikio linataka ulinganifu huo, na mwanafunzi anaandika "If I would have a car, I would take you." Nimesahihisha sentensi hiyo kwenye madaftari mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kiingereza kinaweka would upande wa jibu tu. Upande wa sharti kinatumia wakati uliopita, ingawa hakuna chochote kilichopita. Gari sina leo, wala sizungumzii jana. Wakati uliopita hapa ni njia ya kulisogeza jambo mbali na ukweli.

Sasa chukua kalamu zako. Sharti kwa bluu, jibu kwa nyekundu. Kanuni ya daftari langu: would ni nyekundu, siku zote. Ukiona umeandika would kwa bluu, futa.

Anayejua Kiganda ana msaada mwingine. Katika Kiganda singa hukaa upande wa sharti, na -ndi- hukaa kwenye kitenzi cha upande wa jibu. Would inafanana na hiyo -ndi-. Wanafunzi wangu waliokulia Luweero au Masaka huipata hatua hii upesi kuliko sisi tuliokuja na Kiswahili kitupu.

Kuhusu were: katika kundi hili, kwa maandishi na kwa mtihani, tumia were kwa nafsi zote. "If I were you, I would wait." "If she were here, she would help us." Mtaani utasikia "if I was", na hakuna atakayekupiga. Lakini "if I were you" imekaa hivyo na haibadilishwi. Ni usemi wa kumshauri mtu kwa adabu, kama sisi tunavyosema "ningekuwa wewe".

"Ningeweza" ni could, si "would can". "If I could drive, I would look for a job."

Hatua ya 6: Jenga kundi la nne

Sharti: had na safu ya tatu. Jibu: would have na safu ya tatu.

"If you had called me yesterday, I would have waited for you."

Jambo limekwisha. Hukupiga simu, sikungoja, na hakuna wa kulirudisha. Ni sentensi ya majuto na ya lawama, kwa hiyo itumie kwa uangalifu ukizungumza na mtu mliyekosana.

Tatizo letu kubwa hapa linaanzia kwenye Kiswahili chenyewe. Mtaani, na kwa wengi wetu tuliotoka upande wa Kongo, -ngali- imeanza kupotea. Tunasema "ungepiga simu jana, ningekungoja" na tunaelewana. Ukiitafsiri hiyo -nge- moja kwa moja utaangukia kundi la tatu: "If you called me yesterday, I would wait." Hiyo si sahihi. Kwa hiyo usiamini kiungo peke yake. Jiulize: jambo hili mlango wake umefungwa? Ukiweza kutia "jana" au "mwaka jana" na maana isivunjike, mlango umefungwa, ni kundi la nne.

Makosa mengine matatu, haraka haraka:

- "If you had went." Went ni safu ya pili. Sema "had gone".
- "I would had waited." Baada ya would ni have, hata kwa he na she.
- "I would of waited." Watu huandika hivi kwa sababu would have ikisemwa upesi husikika kama would of.

Hatua ya 7: Geuza pande

Kiingereza, kama Kiswahili, kinakubali jibu litangulie. "I will pay you if I get the money." If ikianza sentensi, weka mkato kati ya pande mbili. If ikikaa katikati, usiweke. Hakuna zaidi ya hapo.

Hatua ya 8: Sema kwa sauti

Soma sentensi zako kumi, sasa kwa Kiingereza, mbele ya yule mtu uliyemchagua. Kwanza pole pole kwa maneno kamili, kisha kwa ufupi wa mazungumzo: I will inakuwa I'll, I would inakuwa I'd, I had nayo inakuwa I'd. Ndiyo, hizo mbili zinafanana. Utazitofautisha kwa neno linalofuata: I'd wait ni would, I'd waited ni had.

Kwa wenye watoto wa darasa la saba

Katika PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda, kuna sehemu ya kuandika sentensi upya kwa kufuata maelekezo, na masharti hupenda kujitokeza humo. Mfundishe mtoto mageuzi mawili. La kwanza ni if not kuwa unless. La pili ni had kuchukua nafasi ya if: "If I had known, I would have come" inageuka "Had I known, I would have come." If inaondoka kabisa, had inakuja mbele, mengine yote yanabaki palepale. Kosa la watoto ni kuandika "Had if I known".

Ukikwama

*Nimesikia mtu aliyesoma akisema "If you would wait here, please." Mbona ameweka would baada ya if?* Hiyo ni adabu. Would pale ina maana ya "tafadhali kubali kungoja". Utaikuta pia kwenye barua rasmi: "I would be grateful if you would reply." Itambue, lakini wewe anayeanza shika kanuni ya kalamu nyekundu mpaka itulie.

*Watu hapa wanasema "In case you come, call me." Ni sahihi?* Utaelewekwa kila kona ya Kampala. Katika mtihani na kwa mgeni, in case ina maana ya tahadhari: "Take an umbrella in case it rains", chukua mwavuli isije mvua ikanyesha. Ukitaka "ukija", andika "if you come". Vivyo hivyo "if at all you come": toa at all, if inatosha.

*Sijui kama jambo ni la kundi la pili au la tatu.* Jibu haliko kwenye sarufi, liko moyoni mwako. Unaamini linaweza kutokea? La pili. Unaliona kama ndoto? La tatu. "If I win" husemwa na aliyekata tikiti. "If I won" husemwa na anayewaza tu.

*Naelewa nikiandika, nikisema napotea.* Kila mtu hupita hapo. Chagua sentensi moja tu ya kila kundi, ikariri kama namba yako ya simu, na ukitaka kusema kitu kipya, badilisha vitenzi ndani ya sentensi hiyo.

*Sharti ni la zamani, lakini jibu ni la leo.* Changanya: had upande wa sharti, would peke yake upande wa jibu. Mfano upo kwenye zoezi.

Zoezi

Tafsiri kabla ya kutazama majibu.

1. Mvua ikinyesha, barabara hii hujaa matope.
2. Nikimwona dada yako, nitampa barua.
3. Usipolipa leo, watakata umeme.
4. Jua likizama, tutafunga duka.
5. Ningekuwa daktari, ningefanya kazi kijijini.
6. Ungekuja jana, ungemkuta mama.
7. Ningemaliza shule, sasa ningekuwa na kazi.

Majibu:

1. If it rains, this road gets muddy.
2. If I see your sister, I will give her the letter.
3. If you don't pay today, they will cut off the electricity. Au: Unless you pay today, they will cut off the electricity.
4. When the sun sets, we will close the shop.
5. If I were a doctor, I would work in the village.
6. If you had come yesterday, you would have found Mother. Ni -nge-, lakini "jana" imefunga mlango.
7. If I had finished school, I would have a job now. Kumaliza shule kumepita, kazi ni ya sasa. Ukiandika "I would have had a job now", umekosea kwa neno moja: toa had.